PIMA SIKIO KWANZA, MASHINE BAADAYE

(Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa wazee na walezi, Dzaleka)

 

Nimeombwa nieleze juu ya mashine za kusikilizia, zile zinazovaliwa sikioni. Familia kadhaa zinataka kuzinunua, na nyingine zimekwisha kutoa pesa.

Kutosikia si jambo dogo hapa kambini. Jina lako likiitwa kwenye foleni usipoitika, zamu inakupita. Kwenye mahojiano, ukijibu swali ambalo hukuulizwa, afisa anaweza kudhani kwamba unageuza maelezo yako. Kwa hiyo, kabla hata ya kufikiria mashine, ukiingia kwenye mahojiano sema mapema kwamba husikii vizuri. Omba mkalimani akae mbele yako na aseme polepole. Hilo halina malipo.

Sasa tuje kwenye kununua. Si kila sikio zito linahitaji mashine. Pengine limezibwa na nta, na mhudumu wa afya anaweza kuitoa. Usiitoe mwenyewe kwa kijiti wala kwa unyoya wa kuku. Sikio linalotoa usaha linahitaji dawa kwanza. Dawa nyingine pia zinaweza kudhuru usikivu, kama kwinini na sindano za streptomisini. Mweleze daktari umetumia dawa gani, lakini usiache dawa uliyoandikiwa bila kumwuliza.

Anzia Kituo cha Afya cha Dzaleka. Wakiona inafaa, omba barua ya rufaa kwenda Lilongwe. Huko iko Hospitali Kuu ya Kamuzu, na pia African Bible College wameendesha kliniki ya masikio yenye vipimo vya kusikia. Uliza kwanza siku za kupima na malipo, na usitoke kambini bila karatasi zako za ruhusa.

Kipimo chenyewe hakiumi. Utavaa vifaa masikioni na kusikiliza milio, minene na myembamba, kila sikio peke yake. Majibu yake huchorwa kwenye karatasi iitwayo audiogramu. Itunze pamoja na hati zako.

Karatasi hiyo ndiyo inayotofautisha mashine ya kweli na ile inayouzwa barabarani. Ukishuka Lilongwe au ukienda hadi Likuni, unaweza kuonyeshwa kikasha kizuri chenye mashine ya bei nafuu. Nyingi kati ya hizo hukuza kila sauti sawasawa: maneno ya mjukuu, injini ya basi na kishindo cha sufuria. Ikipiga kelele kupita kiasi, inaweza kuharibu hata usikivu uliobaki. Mashine ya dijitali huzigawa sauti, na mtaalamu huipanga kwa kompyuta kufuata audiogramu yako, ikuze pale tu unapopungukiwa. Hata mashine ya kupewa bure, iliyokuwa ya mtu mwingine, lazima ipangwe upya.

Kabla ya kutoa pesa, muulize muuzaji maswali haya:

1. Je, itapangwa kwa kufuata kipimo changu, na nikirudi itarekebishwa bila malipo mapya?

2. Inatumia betri namba ngapi? Namba za kawaida ni 10, 312, 13 na 675, na haziingiliani. Betri moja hudumu siku chache au wiki mbili hivi. Piga hesabu ya mwaka mzima kabla hujanunua.

3. Kama ni ya kuchajiwa, je, nyumbani nina umeme au sola ya uhakika? Huko Otse, Botswana, zilitengenezwa mashine zinazochajiwa kwa jua, ziitwazo Solar Ear, kwa sababu ya shida hii hii ya betri.

4. Je, kiziba cha sikio kitatengenezwa kwa umbo la sikio langu? Kikilegea, mashine hupiga mluzi. Mtoto hukua, kwa hiyo chake hubadilishwa mara kwa mara.

5. Je, nitapata risiti, dhamana ya maandishi, na siku za kuijaribu?

Asiyeweza kujibu maswali haya, usimpe pesa zako za chakula.

Ukishaipata, uwe na subira. Mashine haiponyi sikio. Wiki za kwanza kila kitu kitaonekana kelele. Anza kwa saa chache ndani ya nyumba, kisha ongeza. Ifute vumbi kwa kitambaa kikavu, usiilowanishe, na usiku fungua mlango wa betri. Betri zifiche mbali na watoto. Mtoto akimeza moja, mkimbize kituo cha afya saa hiyo hiyo.

Wazazi, mtoto asiyegeuka akiitwa, au aliyechelewa kusema, msingoje akue. Apimwe sasa, kwa maana lugha hujengwa katika miaka ya kwanza. Na kama mashine haitamsaidia, lugha ya alama ni lugha kamili, naye ana haki ya kusoma.

Mwenye jirani asiyesikia vizuri, tafadhali amsomee karatasi hii, wakiwa wametazamana uso kwa uso.