Kupanga Taa za Flashi katika Studio ya Picha
Mazungumzo kwa Makatibu na Wanachama wa Vyama



Picha ya mwanachama iliyobandikwa katika rejista au katika kitambulisho cha chama si pambo. Picha hiyo ni ushahidi. Siku ya malipo karani huitazama, kisha humtazama mtu aliyesimama dirishani, na kwa kulinganisha sura hizo mbili huamua kama fedha zitoke au zisitoke. Ikiwa picha inaonyesha doa jeusi lililovaa kofia, ulinganisho huo hauwezekani. Mkulima halali anaweza kurudishwa nyumbani mikono mitupu, na mjanja aliyeokota kadi ya mwenziwe anaweza kulipwa.

Kwa sababu hiyo, chama kinachofikiria kuwa na chumba chake cha picha, ama kwa kuandikisha wanachama, ama kama mradi wa kuongeza mapato, hakina budi kujiuliza maswali mawili: zinunuliwe taa ngapi, na zipangwe namna gani? Mara nyingi swali la kwanza hujibiwa kwa haraka na la pili husahauliwa. Fedha za wanachama hununua taa nne, zote huelekezwa usoni kwa pamoja, na picha hutoka mbaya kuliko ile iliyopigwa uani kwa mwanga wa asubuhi.

Kanuni ya kufuata ni moja: taa hupangwa moja moja. Kila taa ipewe kazi yake, iwashwe peke yake, na kazi yake ionekane katika picha ya majaribio kabla ya nyingine kuongezwa. Taa ambayo hakuna awezaye kueleza kazi yake izimwe.

Asili ya flashi

Hapo zamani mpiga picha aliyehitaji mwanga mwingi kwa kitambo kidogo aliwasha unga wa magnesiamu. Mchanganyiko wa unga wa namna hiyo ulitengenezwa Ujerumani mwaka 1887 na Adolf Miethe na Johannes Gaedicke. Ulitoa mwanga mkali, lakini pia moshi na hatari ya moto. Mwaka 1929, huko huko Ujerumani, zikaanza kuuzwa balbu za flashi, ambazo kila moja ilitumika mara moja tu na kutupwa. Kuanzia mwaka 1931 Harold Edgerton wa Massachusetts Institute of Technology, Marekani, aliendeleza flashi ya umeme, ambayo ndiyo mama wa taa za studio za leo.

Ndani ya taa hizo mna kapasita inayojaza umeme na kuutoa ghafla katika bomba lenye gesi. Mwanga wake hudumu kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, hata mtu akitikisika kidogo picha haiharibiki. Rangi yake hukaribia ile ya mwanga wa mchana, na ndiyo maana haipatani na balbu ya njano iliyoning'inia darini.

Jaribio la giza

Kabla ya kuwasha flashi yoyote, kamera iwekwe katika hali ya kupangwa kwa mkono: wepesi wa hisia uwe ISO 100, mwendo wa shata uwe 1/125 ya sekunde, na tundu la lenzi liwe f/8. Kisha ipigwe picha moja bila flashi. Picha hiyo inapaswa kutoka nyeusi. Ikiwa ukuta au sura inaonekana, basi upo mwanga unaoingia bila kibali, ama kutoka dirishani ama kutoka kwenye balbu. Pazia lifungwe na balbu izimwe, kisha jaribio lirudiwe. Chumba kikiwa cheusi machoni mwa kamera, kila mwanga utakaoonekana baadaye utakuwa ule uliowekwa na mpiga picha mwenyewe.

Mwendo wa shata usizidi kiwango kilichowekwa na watengenezaji wa kamera kwa matumizi ya flashi. Katika kamera nyingi kiwango hicho ni 1/200 au 1/250. Kikipitwa, sehemu ya picha hufunikwa na mstari mweusi, na mara nyingi taa hulaumiwa bure.

Taa kuu na taa msaidizi

Taa ya kwanza ni taa kuu. Isimamishwe upande mmoja wa kamera, kiasi cha nyuzi 45 kutoka mbele ya uso, na juu ya usawa wa macho, ikitazama chini kidogo. Kivuli cha pua kiangukie shavuni bila kufika mdomoni, na katika kila jicho uonekane mng'ao mdogo wa taa. Ikiwa mboni hazing'ai, taa imepanda mno, au kofia inaukinga mwanga. Mwanga ulainishwe kwa kuupitisha katika mwavuli mweupe, au kwa kuuelekeza ndani ya mwavuli unaourudisha. Kadiri chanzo cha mwanga kilivyo kipana na karibu na uso, ndivyo vivuli vinavyokuwa laini.

Picha ya kwanza ipigwe kwa taa hiyo peke yake. Upande mmoja wa uso utaonekana vizuri na wa pili utakuwa gizani. Hiyo ndiyo hali inayotakiwa, maana sasa inajulikana ni kazi gani iliyobaki.

Kazi hiyo hufanywa na taa msaidizi, inayokaa karibu na kamera, upande wa pili. Haipaswi kushindana na taa kuu. Ikiwa na nguvu sawa, uso huwa bapa, na pua huweza kutupa vivuli viwili kana kwamba mtu amesimama chini ya majua mawili. Kwa picha ya kawaida ya sura, taa msaidizi itoe nusu ya mwanga wa taa kuu: kipimamwanga kikisoma f/8 kwa taa kuu peke yake, kisome f/5.6 kwa taa msaidizi peke yake.

Chama kisicho na fedha za taa ya pili hakijafungiwa mlango. Shuka jeupe lililotandazwa juu ya fremu ya mbao, likasimamishwa upande wa kivuli, hurudisha mwanga wa kutosha kwa kazi nyingi. Wala si aibu kufanya kazi kwa chanzo kimoja. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake mjini Bamako, Mali, mwaka 1948, alipiga picha zake nyingi uani kwa mwanga wa mchana, na leo picha hizo zinatazamwa katika majumba ya sanaa duniani.

Hesabu ya umbali

Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali. Taa iliyo mita 1 kutoka usoni ikisogezwa hadi mita 2, mwanga unaofika usoni huwa robo. Ikisogezwa hadi mita 3, huwa sehemu moja ya tisa. Kwa hiyo mpiga picha mwenye taa mbili za aina moja, zenye miavuli sawa na zisizoweza kupunguzwa nguvu, anaweza kutumia kamba ya kupimia. Ili kupata nusu ya mwanga, umbali uzidishwe kwa 1.4. Taa kuu ikiwa mita 1.5 kutoka usoni, taa msaidizi iwekwe mita 2.1. Kamba yenye mafundo mawili inatosha kuwa chombo cha studio.

Hesabu hiyo hiyo hueleza kwa nini mtu asiegemee ukuta. Akikaa mita moja na nusu au mbili mbele yake, kivuli chake huanguka chini na nje ya picha. Hapo ndipo taa ya tatu inapopata kazi. Ikielekezwa ukutani, huufanya ukuta mweupe uonekane mweupe badala ya kijivu. Au ikiwekwa juu, nyuma ya mtu, huchora ukingo wa nywele na mabega ili yasizame katika pazia jeusi. Taa hiyo ya nyuma ikingwe kwa kipande cha kadibodi isichome moja kwa moja ndani ya lenzi, la sivyo picha nzima itaingia ukungu.

Ngozi nyeusi na vipimo vya wengine

Jambo hili linastahili uangalifu wa pekee. Kwa miaka mingi maabara za picha za rangi huko Marekani zilisawazisha mashine zao kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, iliyoitwa kadi ya Shirley. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo, na ngozi nyeusi ilitoka vyovyote itakavyotoka. Ni katika miaka ya 1990 ndipo kampuni ya Kodak ilipotoa kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali.

Filamu hizo hazitumiki tena katika studio nyingi, lakini hatari haijaondoka. Flashi ndogo inayojipima yenyewe pamoja na kamera hudhani kwamba kila kilicho mbele yake ni cha kijivu cha wastani. Mtu mweusi akikaa mbele ya ukuta mweupe, chombo huona weupe mwingi, hupunguza mwanga, na sura huzama gizani. Dawa yake ni kupima mwanga unaoangukia uso, si ule unaorudi kutoka ukutani. Kipimamwanga kishikwe mbele ya uso, kikielekea kamera. Pasipo na kipimamwanga, ipigwe picha ya majaribio na itazamwe kwa makini shavuni na chini ya macho. Ikiwa maumbo hayaonekani, tundu la lenzi lifunguliwe nusu hatua na picha irudiwe.

Si sahihi kudhani kwamba ngozi nyeusi huhitaji tu taa kali zaidi. Taa kali na ndogo iliyowekwa mbele huacha alama nyeupe za kung'aa kwenye paji la uso, na sehemu nyingine hubaki nyeusi. Chanzo kipana cha ubavuni huleta mng'ao mpana na laini, na mng'ao huo ndio unaoonyesha umbo la uso. Jasho lifutwe kwa kitambaa kabla ya picha.

Picha ya kitambulisho

Picha ya kitambulisho ina masharti yake. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) hutaka picha za pasipoti ziwe na mwanga sawa, bila vivuli usoni wala nyuma ya kichwa, na chama kitafanya vema kufuata kipimo hicho kwa rejista yake. Hapa taa mbili zenye nguvu sawa na miavuli mipana huwekwa kulia na kushoto, kila moja nyuzi 45 na umbali uleule, na taa ya tatu huachiwa ukuta. Kwa kuwa hakuna taa iliyo kuu, kila moja ipimwe peke yake, na vipimo viwe sawa. Vivuli viwili vya pua vikionekana, taa zisogezwe karibu na miavuli ipanuliwe. Miwani iking'aa, taa zipandishwe kidogo, au mhusika ainamishe kidevu kidogo. Kofia ivuliwe, isipokuwa vazi la dini, nalo lisifunike uso.

Ununuzi, usalama na kumbukumbu

Kabla ya kulipa, kila taa ijaribiwe mbele ya muuzaji kwa kupigwa mara kumi kwa nguvu ileile. Vipimo vikipishana sana, taa hiyo ikataliwe. Ujaribiwe pia usikivu wa kijicho kinachowasha taa kwa kuona mweko wa taa nyingine. Baadhi ya kamera hutoa mweko mdogo wa kupimia kabla ya ule wa picha, na taa zenye kijicho cha zamani hudanganyika, zikawaka mapema na kuiacha picha gizani. Mweko huo wa awali uzimwe, au taa ziunganishwe kwa waya au redio.

Flashi kuukuu isiunganishwe kwa waya na kamera ya dijiti bila kupimwa. Baadhi yake hupitisha zaidi ya volti 200 katika waya huo, na kamera huweza kuungua. Aidha, taa isifunguliwe na asiye fundi, hata ikiwa imechomolewa ukutani, kwa maana kapasita yake huweza kuhifadhi umeme wa kuua. Miguu ya taa iwekewe mifuko ya mchanga, na nyaya zibandikwe sakafuni, hasa wanapoingia wazee na watoto.

Mwisho, liwepo daftari la studio. Kila mpango uliofanikiwa uandikwe: umbali wa kila taa, kimo chake, nguvu yake, tundu la lenzi, na mahali pa kiti. Alama za rangi zipigwe sakafuni. Ujuzi ukibaki kichwani mwa mpiga picha mmoja, siku atakapohama chama kitabaki na miguu ya chuma na miavuli. Ukiwa daftarini, kijana aliyeajiriwa jana anaweza kutoa picha ileile leo.

Kamati itakayoketi kujadili ununuzi na ianze na taa moja, mwavuli mmoja na shuka jeupe. Picha za wanachama kumi wa kwanza ziwekwe mezani, karani wa malipo aitwe, na aulizwe kama anaweza kumtambua kila mmoja wao. Taa ya pili inunuliwe baada ya jibu lake.