Mgonjwa wa Kitandani Asifichwe
(Mazungumzo kwa vikundi vya kujisaidia, Tuala)



Hapa kwetu wako wagonjwa wasioweza kufika zahanati: mzee aliyepooza, mama mwenye kisukari na kidonda cha mguu, mtoto mlemavu asiyeweza kuketi. Watu husema kutibiwa nyumbani ni kwa matajiri wanaoajiri nesi. Sivyo.

Nani anastahili? Kila nyumba. Mwaka 2023 serikali ilianza kuwagawia wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 mikoba yenye vifaa vya kupimia presha na sukari. Mhudumu mmoja huangalia nyumba 100 hivi, na hulipwi chochote akija. Lakini asipoambiwa kuna mgonjwa chumba cha ndani, atapita tu. Presha ikigunduliwa mapema, mtu anaweza kuepuka kupooza.

Pili, jiandikisheni SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Piga *147#. Kujiandikisha ni bure, na aliyejiandikisha hutibiwa bila malipo katika zahanati na vituo vya afya vya serikali. Kwa hospitali kubwa, sharti mchango uwe umelipwa.

Tatu, Inua Jamii hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, na kwa nyumba yenye mlemavu wa hali mbaya anayehitaji mtu wa kumtunza kila saa. Muulizeni chifu uandikishaji unafunguliwa lini.

Sasa sikilizeni vizuri. Mhudumu haji kuogesha mgonjwa. Asiyeweza kujigeuza ahitaji kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, mchana na usiku, la sivyo atatoka vidonda. Kazi hiyo mara nyingi huachiwa binti mmoja au mke mmoja, mpaka naye anaugua. Hapo ndipo kikundi kinapoingia. Kikundi cha watu 14 kikitoa wawili kila siku, kila mtu anafanya zamu moja tu kwa wiki, na yule binti anapata kulala.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Basi kabla ya mkutano ujao, kila kikundi kimjue mhudumu wake, na kimpe majina ya wagonjwa, kwa ruhusa ya wenyewe.