PINGU NA MIKONO YA KIZIWI
(Maneno yaliyosemwa barzani, Sombetini, Arusha)



Huenda mkauliza, watu wa Visiwani wana khabari gani na Sombetini? Jawabu yetu ni fupi. Polisi ni jambo la Muungano. Askari akamataye Darajani na akamataye hapa kwenu ni wa Jeshi moja.

Tumekuja kusema juu ya kukamatwa kwa mtu mwenye ulemavu. Kukamata huanza kwa sauti: “Simama! Inua mikono!” Amri hiyo ni ya mwenye masikio na miguu. Kiziwi aliyempa askari mgongo haisikii, huendelea na njia yake, na machoni mwa askari huyo amekwisha kuwa mkaidi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 yaruhusu nguvu kwa mwenye kupinga, na yakataza nguvu iliyozidi haja. Lakini kutosikia si kupinga! Kisha hutiwa pingu, mikono nyuma. Mabwana, kiziwi hunena kwa mikono. Kumfunga hivyo ni kumziba kinywa, na mwenye kuchukua maelezo aweza kuandika kwamba mtuhumiwa hakujibu kitu. Sheria hiyo hiyo yataka mtu aambiwe kosa lake anapokamatwa. Huyu ataambiwa kwa lugha gani?

Juni 2017, mjini Dar es Salaam, watu wenye ulemavu waendeshao bajaji walikusanyika kudai waruhusiwe kuingia katikati ya mji kutafuta riziki. Polisi waliwatawanya kwa mabomu ya machozi. Mwenye miguu huukimbia moshi. Asiyeweza kutembea akimbilie wapi?

Wala hatuombi hisani. Nchi hii iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na Ibara ya 13 yataka polisi na askari wa magereza wafunzwe kazi hii. Mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria Namba 9. (Zanzibar ilikwisha tunga yake tangu 2006.)

Na aliyedhulumiwa ashitaki wapi? Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ina makao yake papa hapa Arusha. Lakini Novemba 2019 Serikali ilitoa notisi ya kuliondoa tamko lililomruhusu raia kuiendea mwenyewe, na Novemba 2020 tamko hilo likakoma. Mtu wa Sombetini alibaki jirani wa mahakama asiyoweza kuibishia hodi.

Twadai kila kituo kiwe na njia ya kumpata mjuzi wa lugha ya alama. Fimbo ya kipofu na baiskeli ya kiwete zisitengwe na mwenyewe. Na kiziwi, ikiwa hapana budi pingu, afungwe mikono mbele. Hilo la mwisho halihitaji bajeti.

Nanyi wa Sombetini twawaomba jambo moja. Mkimwona askari amemkabili jirani yenu kiziwi, mmoja wenu asogee kwa adabu, mikono yake ikionekana, amwambie: “Afande, huyu hasikii.”