Juu ya Prosesa Zinazochemka na Kujipunguza Kasi Baada ya Kompyuta Kuongezewa Nguvu: Mada kwa Mafundi wa Pwani ya Kaskazini ya Cabo Delgado

Jambo nitakalolieleza ni lile ambalo kila mwenye meza ya ufundi amekwisha kuletewa malalamiko yake: kijana ana kompyuta ya michezo iendayo polepole lakini bila matata, akainunulia prosesa yenye nguvu zaidi kwa fedha alizozikusanya kwa mashaka makubwa, na badala ya kuona mchezo ukienda kwa ulaini, baada ya muda picha zinakwama, feni inanguruma, na kasi inashuka hata anaitamani prosesa yake ya zamani. Aghalabu hudhani kwamba ameuziwa kitu kibovu. Rai yangu, na ndiyo dhati ya mada hii, ni kwamba mara nyingi prosesa ni nzima na joto ndilo lililokosa pa kutokea. Wala si halali kumtuma mteja dukani mara ya pili kabla fundi hajapatafuta mahali joto hilo lilipozuiliwa.

Prosesa ipunguzayo kasi inajihami. Mwaka 2001 wachunguzi wa Tom's Hardware waliondoa hitisinki juu ya prosesa zilizokuwa kazini, nayo Pentium 4 ya Intel ikajipunguza kasi na kusalimika, ilhali Athlon ya AMD iliungua. Leo kinga hiyo ni ada ya prosesa zote. Core i7-4770, iliyotoka mwaka 2013, kikomo chake ni digrii 100, na ikikaribia hapo huiacha ile kasi yake ifikayo gigahezi 3.9 na kuteremka mpaka joto litulie.

Nimeitaja hiyo kwa makusudi, kwa kuwa mashine nyingi tuzishughulikiazo ni za ofisini zilizokwisha kutumika, zilizoletwa kwa njia ya Mtwara au kutoka Nampula, ambazo ndani yake mna prosesa ndogo kama Core i3-4130 ya wati 54. Tundu la zote mbili ni moja, basi i7 huingia bila taabu, nayo ni ya wati 84. Kisha huongezwa kadi ya michoro kama GeForce GTX 1650, nayo ni ya wati 75. Kwa hiyo kasha jembamba lililotengenezwa kwa joto la wati 54 sasa limebebeshwa 159, yaani karibu mara tatu, na feni ni ile ile, na matundu ya hewa ni yale yale.

Tukisema, kwa mfano wa hesabu, kwamba hitisinki ya zamani huongeza digrii 0.6 kwa kila wati, prosesa ya wati 84 itapanda digrii 50 juu ya hewa inayoipuliza. Katika chumba cha digrii 22, ambacho ndicho aghalabu wapimaji wa Ulaya hupimia, itasimama kwenye 72. Lakini kwetu, wakati wa kaskazi, chumba chenye bati juu na kisicho na kiyoyozi huwa na digrii 33 adhuhuri, na kadi ya michoro ikiongeza kumi ndani ya kasha, prosesa inafika 93 hali hakuna kosa lolote lililotendwa. Marhamu ya kupitisha joto, hii tuiitayo pesti, ikiwa imekauka kidogo tu, kikomo kimefikiwa.

Basi uchunguzi uanze kwa macho, si kwa bisibisi. Ifunguliwe programu kama HWiNFO, mchezo uwashwe, na fundi atazame joto na kasi kwa pamoja. Kasi ikishuka ilhali joto ni digrii 70, sababu si joto. Atafute katika mipaka ya umeme iliyowekwa kwenye baiosi. Joto likiruka hadi 100 kwa sekunde chache tu, hitisinki haikugusa sawasawa. Likipanda taratibu kwa robo saa, hewa ya ndani ndiyo iliyochoka: avue ubavu wa kasha, na joto likishuka sana, jawabu limepatikana.

Hilo la kutogusa sawasawa lastahili kuangaliwa kwa karibu. Hitisinki za Intel za aina hii zina miguu minne ya plastiki, ambayo hukandamizwa kwa mshazari, mmoja kisha wa upande wa pili, na kila mmoja hulia tak. Niliwahi kuvua moja nikakuta pesti upande mmoja imebanwa nyembamba kama utando, na upande wa pili imelala nene, haina alama ya kuguswa. Mguu mmoja ulikuwa umepasuka ncha. Hewa iliyobaki katikati hupitisha joto kwa shida mno, ilhali alumini hupitisha mara maelfu zaidi. Pesti ya zamani ifutwe yote kwa spiriti safi, itiwe mpya kiasi cha punje ya mbaazi, na mguu ubadilishwe.

Pwani yetu ina takalifu yake pia. Chumvi ya hewa hushikana na vumbi katikati ya mapezi ya hitisinki ikawa gamba ambalo upepo wa bomba hauliondoi. Lasuguliwa kwa brashi, feni imezuiliwa isizunguke. Na mashine zilizobaki katika nyumba zilizofungwa Mocímboa da Praia, mji uliotekwa Agosti 2020 na kukombolewa Agosti 2021, zisiwashwe kwa michezo kabla ya kupakwa pesti mpya. Wenyewe wamepoteza mengi. Tusiwapotezee na hiki walichokikuta.

Yakifanyika yote na joto lingali juu, picha zifungwe kwenye 60 kwa sekunde, au kasi ya ziada izimwe kwenye baiosi, prosesa ibaki na gigahezi 3.4, ambazo mchezaji atazipata muda wote. Na anayeuliza kabla ya kununua aelekezwe kwenye Core i7-4770S, yenye tundu hilo hilo na viini vinne vile vile lakini ya wati 65, ambayo kwa hesabu yetu ya adhuhuri ya kaskazi itasimama kwenye digrii 82.