Mtu wa Raisi Mbele ya Bunge

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wafanyakazi wa mgodi na wakaaji wa mji, Kolwezi)



Sisi makarani wa mgodi kazi yetu ni kuandika majina. Mtu akiomba kazi, hatumwandiki kitabuni mpaka apite kwa daktari. Na daktari hapimi watu wa lori zima kwa mara moja. Huita mmoja mmoja, avue shati, apumue, akohoe. Tumeona wanaume wenye vifua vipana wakirudishwa nyumbani. Basi leo twawauliza: yule anayepewa kazi ya inchi nzima, nani anampima?

Wengi wenu mtajibu: Raisi. Raisi akitaja jina na radio ikalitangaza, maneno yamekwisha. Sivyo, ndugu. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 78, yampa Raisi uwezo wa kumtaja Waziri wa Kwanza. Lakini kifungu cha 90 chasema ya kwamba kabla ya kuingia kazini, mtu huyo aende na mawaziri wake mbele ya Baraza la Taifa, asome mpango wake, na wabunge waupigie kura. Wabunge ni 500. Asipopata 251, hana serikali. Wasenata hawamo katika kura hiyo.

Sheria hiyo si ngeni kwetu. Wazee waliopo hapa wanaikumbuka habari ya Évariste Kimba, nasi twataka kuisimulia polepole, maana Kimba alikuwa mtu wa Katanga, wala si hadithi ya mbali.

Mwaka 1965 inchi ilikuwa na katiba iliyoitwa ya Luluabourg. Raisi alikuwa Joseph Kasa-Vubu, na Waziri wa Kwanza alikuwa Moïse Tshombe, ambaye muungano wake, CONACO, ulikuwa umeshinda uchaguzi wa mwaka ule. Tarehe 13 Oktoba Kasa-Vubu akamwondoa Tshombe, akamweka Kimba mahali pake. Watu hao wawili walikuwa wamekula sahani moja: wakati Katanga ilipojitenga, Tshombe alikuwa raisi wake na Kimba waziri wake wa mambo ya ngambo. Sasa mmoja amekalia kiti cha mwenzake.

Lakini kiti hakikuwa chake bado. Tarehe 14 Novemba wabunge na wasenata wakapiga kura. Katika Baraza la Wabunge, 72 walimkubali na 76 walimkataa. Katika Seneti, 49 walimkubali na 58 walimkataa. Hesabu yote: 121 kwa 134. Watu 13 tu! Hata kikosi kimoja cha zamu ya usiku hakitimii. Kimba akaanguka.

Hapo ndipo palipoharibika. Raisi aliposikia neno "hapana," hakumtafuta mtu mwingine wa kupatanisha pande mbili. Alimtaja Kimba yule yule mara ya pili. Watu wa Tshombe nao hawakulegea hata kidogo. Kamba ikavutwa huku na huku, na usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Novemba, siku kumi tu baada ya kura, Jenerali Mobutu na wakubwa wa jeshi wakaichukua serikali, wakisema wanasiasa wameshindwa. Kura ya pili ya Kimba haikupigwa kamwe. Juni 1966 alinyongwa mbele ya makutano ya watu, pamoja na Bamba, Mahamba na Anany, kwa shitaka la kutaka kumpindua Mobutu. Na Oktoba ya mwaka ule ule Mobutu akamwondoa Mulamba, Waziri wa Kwanza aliyemweka mwenyewe, akaifuta na kazi yenyewe.

Tumewasikia wazee wakisema: "Bunge ndilo lililotuletea Mobutu. Lingemkubali Kimba tu." Twawaheshimu wazee, lakini hapo hatukubaliani nao. Wale 134 walifanya walichoitiwa. Mtu anayeruhusiwa kujibu "ndiyo" peke yake hakuulizwa neno. Kosa lilikuwa kwa wale ambao, baada ya kusikia jibu, walifanya kana kwamba hawakusikia.

Tuje sasa kwenye miaka yetu. Septemba 2019 Sylvestre Ilunga Ilunkamba, naye mtu wa Katanga, alipata kura 375. Tarehe 27 Januari 2021 Baraza lile lile, kwa kura 367, likamwangusha. Hapakuwa na uchaguzi katikati! Raisi Tshisekedi alikuwa amevunja mapatano na watu wa Kabila, na wabunge wengi wakahamia upande wake. Kisha akatajwa Sama Lukonde, aliyekuwa mkurugenzi mkuu wa Gécamines, na tarehe 26 Aprili 2021 akapata 410. Juni 2024 Bibi Judith Suminwa, mwanamke wa kwanza katika kazi hiyo, akapata 397. Hatusemi ya kwamba watu hao hawakustahili. Twasema tu: mwaka 1965 tofauti ilikuwa 13, na siku hizi karibu kila mkono unainuka pamoja, kisha unashuka pamoja. Daktari anayewapitisha wote asubuhi na kuwafukuza wote jioni, alipima nini?

Tena, wabunge wetu hupima lori zima. Kura ni moja kwa serikali yote. Ukimtaka Waziri wa Kwanza, umechukua na waziri wa migodi usiyemjua, mbuzi ndani ya gunia. Kenya, tangu katiba yao ya 2010, kila waziri anaitwa peke yake mbele ya wabunge, anaulizwa mali yake na masomo yake. Agosti 2024 majina 20 yalipelekwa. 19 yakapita, na Stella Lang'at akakataliwa. Raisi wao akatafuta mwingine, na Nairobi ikalala salama.

Sasa jambo linalotugusa zaidi sisi wa Kolwezi. Mkubwa wa Gécamines hapigiwi kura na mbunge hata mmoja. Kifungu cha 81 chasema Raisi huwataja wakubwa wa kampuni za serikali, kwa shauri la mawaziri, basi. Wabalozi vivyo hivyo, majenerali vivyo hivyo. Mnaona ile milima ya mabaki ya Kingamyambo? Mwaka 2009 serikali iliufuta mkataba wake, mwaka uliofuata ikawapa wengine, na mwaka 2012 kampuni ya ENRC ikakubali kuilipa First Quantum dola milioni 1 250 kwa mali zake za Kongo. Fedha hizo zilipita juu ya vichwa vyetu kama ndege ya Kinshasa. Hakuna aliyesimama mbele ya wabunge, kabla ya kupewa kalamu ya kutia sahihi, akaulizwa: utafanya nini na mabaki ya Kingamyambo?

Kuongeza kura hiyo katika katiba ni kazi ndefu. Lakini mbunge anaporudi Kolwezi likizoni, kumwuliza hakuhitaji katiba mpya. Alipiga kura gani mwaka 2024, na aliuliza swali gani kabla ya kuinua mkono? Sisi makarani tumeanza kuandika majina ya wabunge wa Lualaba katika daftari, na mbele ya kila jina tumeacha nafasi ya majibu mawili. Daftari liko mezani hapa. Anayejua kitu aje atuambie, tuandike.