Vita moja, njia mbalimbali
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Kasongo)

Kamati imeniomba niseme kidogo juu ya yale makelele ya mkutano uliopita, siku ile tuliposikia kwamba kuna vijana walioweka silaha chini na sasa wanaomba kuingia katika chama na katika likelemba yetu. Wengine walisimama wakatoka. Mama mmoja alilia. Tangu ile siku watu wanasema sokoni: chama kimepasuka.

Mimi nasema hakijapasuka. Tumefika hapa kwa njia mbalimbali, na njia zile hatujaelezana bado.

Vita ilianza mwezi wa nane 1998, na mwezi wa kumi Kindu ikaanguka mikononi mwa RCD. Tangu pale mpaka serikali ya umoja ya 2003, huku kwetu mtu alikuwa na pahali pawili tu pa kukaa: mjini pamoja na askari wa RCD na wenzao wa Rwanda, ao porini pamoja na Mayi-Mayi. Aliyekaa mjini, njia ya shamba ilimfungwa. Mihogo ikamwozea udongoni, gari moshi hakuna, chumvi na sabuni zinashuka na ndege kwa bei ya kukatisha roho. Usiku hakulala, juu Mayi-Mayi walikuwa wakiingia usiku. Aliyekaa porini yeye aliogopa mchana. Askari wakitoka mjini, kijiji kinaungua, na kila mtu anayeonekana kule anaitwa Mayi-Mayi, hata bibi kizee mwenye kikapu. Yale waliyotendewa wamama, upande huu na upande ule, wamama wenyewe wanayajua. Sitayasema hapa.

Ilikuwa miaka ile ile, na teritware ile ile. Lakini tamka neno « Mayi-Mayi » mbele ya hawa wawili. Mmoja anasikia mtu aliyefunga njia na kunyang'anya mbuzi. Mwingine anasikia mtoto wa dada yake, aliyesimama na mkuki usiku kucha ili wengine walale. Nani anasema uongo? Hakuna.

Na kuna wale waliopita Fizi, wakavuka ziwa mpaka kambi za Kigoma, Lugufu na Nyarugusu. Waliporudi, waliobaki wakawaambia: « Nyinyi mulikula chakula cha HCR, sisi tulikula majani. » Wao wakajibu: « Na mashamba yetu mulikula nyinyi. » Yote mawili nimeyasikia hapa hapa, katika kikao hiki. Kila mmoja anapima taabu ya mwenzake na kibaba cha nyumbani kwake.

Ndugu zetu wa Kabambare nao wana yao. Kwa mtu wa Kasongo mjini, risasi ni habari ya miaka 20 iliyopita. Kwa aliyetoka Salamabila ni kama jana. Ukitaja dhahabu ya Namoya, mmoja anaona karo ya watoto, mwingine anaona mlango aliouacha wazi alipokimbia. Usimwambie huyu wa pili « tulia, vita imekwisha ». Akisikia tukutuku usiku, miguu yake inasimama mbele ya akili. Aliyeumwa na nyoka huogopa hata kamba, na mwenye kumcheka hajaumwa.

Jambo hili si geni Kasongo. Muulizeni mzee mmoja juu ya Tippu Tip, atawaambia juu ya mpunga, msikiti na lugha hii ninayosema sasa. Muulizeni mzee wa nyumba ya pili, atawaambia juu ya babu aliyepelekwa pwani na pembe begani, asirudi. Wabelgiji walipoingia mji huu mwezi wa nne 1893, walisema wamekuja kumaliza utumwa. Ngongo Lutete, aliyekuwa mtu wa Tippu Tip kabla ya kuwasaidia wao, walimuua mwaka ule ule. Ukoo wake nao una hadithi yake.

Sasa, mimi sikubaliani na wanaosema « tusahau ». Nani amesahau? Lakini sikubali pia uchungu ukate neno peke yake. Anayesema « mbuzi wangu walichukuliwa mwaka 2001 » anasema kweli. Akiongeza « basi kijana huyu ni mwizi », pale ametoka katika aliyoyaona na kuingia katika anayoyawaza, juu wengine kati ya vijana hawa, mwaka ule hawakuwa wamezaliwa. Vilevile wewe unayesema « Mayi-Mayi walitulinda », huwezi kuapa kwamba mikono ya kijana huyu ni safi. Aliyekulinda alikuwa mwingine. Huyu hujamjua bado.

Kwa hiyo naomba hivi. Mbele ya kura, wenye kutoka kijiji kimoja na kila kijana waseme waliyoyaona kwa macho yao, si waliyosikia njiani. Mama aliyelia asiitwe mbele ya mkutano. Wamama wawili ao watatu waende kwake, wamsikilize, wasimsukume. Vijana wakikubaliwa, watoe mchango mizunguko mitatu kwanza bila kupokea, kama kila mwanachama mpya, bila kuongezewa kitu kwa adhabu. Na asiyetaka kukaa nao katika likelemba moja, achague nyingine. Kamati isimwite mtu wa roho mbaya juu ya hiyo. Mambo ya mashamba tusiyachanganye humu, yapelekwe kwa chefu wa groupement.

Karatasi ya majina ya vijana iko kwa sekretere, kila mtu anaweza kuisoma. Kura tutapiga mkutano ujao, mpunga ukisha kuvunwa.