Mimbari Wakati wa Mlolongo: Makanisa ya Kenya na Utawala wa Chama Kimoja

Mwaka 1988 Wakenya walipiga kura ya uteuzi wakiwa wamesimama juani, kila mmoja nyuma ya wakala aliyeshika picha ya mgombea. Hiyo ndiyo kura ya mlolongo. Hapakuwa na karatasi wala sanduku; matokeo yakishatangazwa watu walitawanyika na hapakubaki kitu cha kuhesabu upya. Aliyetangazwa kuvuka asilimia 70 alipita moja kwa moja hadi Bungeni. Kuna mahali mstari mfupi ulitangazwa kuushinda ule mrefu, mchana kweupe, mbele ya macho ya watu waliojipanga.

Nani angesema? Kanu ilikuwa chama pekee kisheria tangu 1982. Jarida la Beyond la Baraza la Taifa la Makanisa ya Kenya (NCCK) lilipofichua udanganyifu huo, lilipigwa marufuku na mhariri wake akafungwa. Ikabaki ibada ya Jumapili, ambayo haikuombewa kibali cha polisi.

Hoja ya mada hii ni kwamba ujasiri wa maaskofu wa miaka ile ulitoka katika kazi yao ya kila wiki: kufungua Biblia na kuieleza. David Gitari, askofu wa Kianglikana wa Mlima Kenya Mashariki, alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Alishika sura moja, akaifuata mstari kwa mstari, kisha akauliza inadai nini kwa Wakenya. Mwaka 1987 alihubiri Danieli sura ya 6, habari ya wakuu waliomrubuni mfalme Dario atie sahihi sheria ya kumnasa mtu mmoja mwaminifu. Msikilizaji hakuhitaji kutajiwa majina. Wanasiasa walikasirika, lakini wangemjibuje mtu aliyesoma tu kilichoandikwa? Aprili 1989 majambazi waliivamia nyumba yake usiku huko Kirinyaga. Askofu alipanda juu ya paa akapiga mayowe, majirani wakaja mbio, wavamizi wakatimka. Hao majirani ndio waliokuwa ulinzi wake.

Askofu Alexander Muge wa Eldoret hakunusurika. Agosti 1990 waziri Peter Okondo alimwonya yeye na Askofu Henry Okullu kwamba wakikanyaga Busia huenda wasitoke hai. Muge alikwenda tarehe 14, akahutubia umati, na njiani akirudi gari lake likagongana na lori. Okondo alijiuzulu. Mwaka huohuo, siku ya kwanza ya Januari, Mchungaji Timothy Njoya wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki (PCEA) alikuwa amehubiri kwamba yaliyozikuta serikali za Ulaya Mashariki yangefika Afrika pia. Desemba 1991 kifungu cha 2A cha Katiba, kilichohalalisha chama kimoja, kilifutwa.

Haitakuwa haki kusimulia habari hii kana kwamba Wakristo wote walisimama upande mmoja. Africa Inland Church, kanisa la Daniel arap Moi mwenyewe, rais wa wakati huo, lilijitoa NCCK mwaka 1986 baada ya baraza hilo kuupinga mpango wa mlolongo. Warumi sura ya 13, inayohimiza utii kwa wenye mamlaka, ilisomwa sana wakati huo. Ni Maandiko, na hakuna mhubiri anayeweza kuyafuta. Ila anayeisoma sura hiyo peke yake na kumruka nabii Eliya aliyemkabili Ahabu kwa damu ya Nabothi, amewanyima waumini nusu ya neno.

Udhaifu mkubwa zaidi ulikuja baadaye. Katika uchaguzi wa 2007 viongozi wengi wa dini walifuata makabila yao, na nchi ilipowaka moto hawakuwa na sauti ya kuuzima. Mapema 2008 NCCK ilikiri hadharani kwamba ilikuwa imeegemea pande. Ndiyo maana hatua ya Novemba 2024, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilipotangaza kuzirudisha fedha alizotoa Rais William Ruto katika parokia moja, ni nzito kuliko tamko lolote. Sahani ya sadaka ikijazwa na mwanasiasa, mhubiri atamwambia nini?

Washiriki wa semina hii wanaombwa kurudi katika mabaraza ya parokia zao na kupitisha mambo mawili kwa maandishi, kabla kampeni za 2027 hazijapamba moto: kwamba hakuna mwanasiasa atakayepewa mimbari wakati wa ibada, na kwamba kila mchango wake utatangazwa au kurudishwa.